Nguo za Alhamisi

Mimi nilimwibia Mshauri. Naanza hapo kwa makusudi, mtu asije akasoma sifa zake hapa akadhani naziandika kwa moyo mweupe. Nilifungua kabati lake akiwa ameenda nyuma kuwasha makaa, nikatoa shati, nikalikunja, nikalisukuma ndani ya buibui, kisha nikakaa kitako kama mtu anayengoja chai. Nitafika huko. Kwanza nataka mumwone alivyokuwa.

Jina lake nalijua, lakini hapa Kaloleni hakuna aliyelitumia. Watoto, wauza mboga, hata jirani aliyegombana naye kila wiki kwa ajili ya mfereji wa maji, wote walisema Mshauri. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kijaluo, mkavu, mwenye hatua za haraka, na alivaa sweta hata siku zile ambazo jua la Kisumu linamfanya mbwa atafute kivuli cha nguzo. Alikaa katika mojawapo ya nyumba za zamani za manispaa, vyumba viwili, na kile cha mbele ndicho alichopokelea wazazi kila Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Walikuja wazazi waliokwama: mwenye mtoto jela, mwenye mtoto aliyekataa shule, mwenye binti aliyekwenda Uarabuni akanyamaza, na sisi wengine ambao hatukujua hata tuseme mtoto wetu yuko wapi. Cheti chake cha ushauri nasaha kilikuwa kimetundikwa ukutani, kimegeuzwa kinatazama ukuta. Nilimuuliza sababu. Akasema wazazi wakikiona wanaanza kumzungumzia Kiingereza.

Nilipelekwa kwake na jirani yangu muuza mitumba wa Kondele, na nilikwenda kwa kuburutwa. Sikutaka ushauri. Nilitaka mwanangu.

Mwanangu ni Idi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili wakati ule. Aliacha kibarua cha gereji kwa mara ya tatu, akaniambia anataka kwenda kwa watu wa baba yake kule Asembo akavue samaki. Mimi mtoto wa mjini, nimezaliwa Kaloleni, babu yangu alikuja na reli, nikaona ananidhalilisha. Nikamwambia, mbele ya majirani, "Nenda! Na ukitoka, usirudi kwa mlango wangu." Akacheka, maana Idi alikuwa wa kucheka. Alikuwa na tabia ya kukwaruza mlango wetu wa bati kwa kizibo cha soda kila akitoka na kila akiingia, badala ya kubisha kama watu. Akaukwaruza, akaenda. Siku ya nne viatu vyake na simu yake vilikutwa juu ya jiwe ufuoni Asembo Bay, viatu vimepangwa sambamba kama vya mtu aliyeingia msikitini. Walimtafuta wiki mbili. Ziwa halikumtoa.

Basi huyo ndiye niliyemleta Alhamisi ile, na kauli yangu ya mwisho kwake nikaiacha nyumbani. Sikumwambia mtu.

Mshauri alikuwa na masharti, na la kwanza lilikuwa kwamba ndani ya chumba chake hakuna kusema pole. Ukiteleza, alikutoa nje ukazunguke nyumba mara moja ndipo urudi. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe akitoka sokoni alikuwa akimwaga pole njia nzima: pole kwa anayebeba gunia, pole kwa kuku aliyefungwa miguu. Nilimkuta siku moja akimwambia pole mtu aliyekuwa akicheka. Nikamwambia, "Mshauri, masharti yako ni ya sisi tu?" Akasema, "Nje pole haina kazi, Mama Idi. Acha itembee."

Sharti la pili ndilo lililompa sifa. Kila mzazi alileta nguo moja ya mtoto wake, safi, na akainyoosha pale pale kwa pasi ya makaa huku akizungumza. Tulipokezana pasi. Nguo ikishakunjwa, iliwekwa kabatini hadi Alhamisi nyingine, ikatolewa, ikanyunyiziwa maji, ikanyooshwa tena. Alisema mikono ikiwa na kazi mdomo hauoni haya. Yeye hakumtazama anayezungumza hata kidogo. Alitazama pasi. Na mtu akianza kudanganya, Mshauri aliinua pua na kusema polepole, "Unaunguza."

Mnadhani natia chumvi. Nilimwona baba mmoja wa bodaboda, jitu la miraba minne, akieleza kwamba binti yake alihama nyumbani kwa sababu ya marafiki wabaya. "Unaunguza," akasema Mshauri. Hatukusikia harufu yoyote. Yule baba akainua pasi, na kwenye soksi ya shule ya mtoto palikuwa na doa la kahawia la ukubwa wa kidole gumba. Akakaa chini, akasema alikuwa akimpiga. Mshauri hakumkemea. Alimwamuru afue soksi za binti yule kwa mkono kila jioni mwezi mzima, na jitu lile likafua, huku vijana wa stendi ya Kondele wakimcheka hadi wakachoka. Binti alirudi. Hadi leo wanapita barabarani, yeye mbele, mtoto nyuma kwenye pikipiki, wanapiga kelele kama vichaa.

Mimi nilipoulizwa tuliagana vipi na Idi, nilisema tuliagana vizuri. "Unaunguza, Mama Idi." Niliinua pasi kwa hasira na kukuta doa kwenye kola ya shati lake jeupe. Nikatupa pasi chini, makaa yakamwagika, nikamwita mchawi. Mshauri akachukua koleo, akaokota makaa moja moja, akarudisha ndani ya pasi.

"Mchawi angekuwa na nyumba nzuri kuliko hii, yawa," alisema, na yawa kwao ni kama jamani. "Endelea. Mkono wa kushoto bado una mikunjo."

Nilimchukia siku ile. Alhamisi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika.

Sasa mambo ya mlango. Haya nayaeleza jinsi yalivyokuwa, na asiyetaka kuamini asiamini. Mara moja kila Alhamisi, kama saa kumi hivi, Mshauri alikatiza maneno, akageuza uso mlangoni na kusema, "Ingia." Mlango ulikuwa wazi daima, pazia tu. Hakuna aliyeingia. Lakini Mshauri alivuta miguu yake chini ya kiti, vile unavyofanya mtu akitaka kupita mbele yako penye nafasi ndogo, akangoja kidogo, kisha akaendelea na maneno pale alipoyaachia. Wageni walishtuka. Sisi tulizoea, na Mungu anisamehe, baada ya miezi kadhaa nilijikuta nami navuta miguu.

Muuza mitumba wa Kondele, yule aliyenileta, ndiye aliyewahi kuuliza waziwazi. "Mshauri, nani huyo?"

"Mtu."

"Mtu gani? Mimi sioni mtu."

"Basi huyo si wako," alisema, akampa kikombe cha chai. "Wako amekula leo. Nenda nyumbani uwe karibu na simu."

Binti wa muuza mitumba alikuwa Uarabuni, kimya mwaka mzima. Alipiga simu jioni ile ile. Alikuwa ametoka hospitali, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kula chakula kikakaa tumboni. Mama mtu alikuja kwangu, akaniambia habari hiyo kwa kunong'ona, kana kwamba ni habari mbaya.

Lakini msimfanye mtakatifu, maana mwenyewe angewacheka. Alikuwa mbea. Alijua nani wa Kaloleni kaoa mke wa pili kabla mke wa kwanza hajajua. Akicheza bao aliiba kete wazi wazi, ukimshika anakwambia macho yako ni mabovu. Aliwahubiria wazazi subira na yeye akamwagia jirani ndoo ya maji machafu. Aliimba nyimbo za kanisani kwa Kijaluo akiwa anafagia, sauti yake mbaya, na aliwachukia wahubiri waliowaahidi wazazi kwamba mtoto atarudi ndani ya siku saba. "Siku saba!" alifoka. "Hata ng'ombe aliyepotea hawamwekei siku."

Na hakula samaki. Mjaluo, amezaliwa pembeni mwa ziwa, hali samaki! Nilimletea mbuta wa kukaanga siku moja, nikidhani namfurahisha. Alirudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni.

"Nitolee hiyo kitu, Mama Idi."

"Una mzio?"

"Hapana. Sijui wao wamekula nini."

Nilirudi na samaki yule nyumbani, na mimi pia sikuweza kumla. Nilimpa paka.

Ziwa lenyewe alilijua bila kuliona. Mkalishe chumba chochote, mzungushe, mfunge macho, atakuonyesha kwa kidole lilipo. Kamwe hakulipa mgongo. Viti vyake vyote vilitazama upande ule, na mgeni akigeuza kiti, Mshauri alikigeuza tena bila kueleza. Wiki zile magugu yakifunika maji, mjini watu wakilalamika kwamba boti hazipiti, yeye alikuwa hatulii. Aliniambia mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa huku akichambua mchele, kwamba magugu yakifunga, wa chini hawaoni njia ya kupandia. Kisha akaniuliza kama nina kitunguu.

Katika muda wote huo hakusema kama ana mtoto. Tulijua tu kwamba alihamia Kaloleni akiwa peke yake. Tuliuliza mara moja, akasema, "Leo ni zamu yako kuzungumza."

Sasa wizi wangu. Wajaluo wana desturi. Mtu akipotelea majini mwili usipatikane, haachwi hivyo hivyo akizagaa. Linachumwa tunda la yago, lile la mti tunaouita mvungunya, refu, zito, linaloning'inia kwa kikamba kirefu. Linavikwa nguo aliyoivaa mpotevu, linazikwa nyumbani kwao badala yake, na yeye anatulia. Baba Idi alikuwa amesilimu ili anioe, lakini baada ya msiba alirudi kukaa Asembo kwa mama yake, ambaye sote tulimwita Dani, yaani bibi. Na Dani alitaka mjukuu wake azikwe. Mwaka ulikuwa umepita. Wadogo wa Idi, watoto wa baba mdogo, hawangeweza kujenga nyumba zao kabla ya mkubwa wao kuwekwa mahali pake. Na Dani alikuwa mzee, akisema hataki kumkuta Idi njiani akimwuliza mbona hana kwao.

Alinipigia mwenyewe. "Nyar Kaloleni," alisema, maana ndivyo walivyoniita kule, binti wa Kaloleni. "Mwanangu, lete shati. Moja tu. Lazima liwe amelivaa. Jumamosi tunamlaza mtoto."

Nilimwendea Mshauri siku hiyo hiyo ingawa haikuwa Alhamisi. Nikamwambia, nimpe au nisimpe?

"Nikisema mpe, nitakuwa nimemzika mimi. Nikisema usimpe, nitakuwa nimekuzuia."

"Basi wewe ni mshauri wa nini?"

Alicheka hadi akafuta machozi kwa mkono wa sweta. "Wa nguo," alisema. Halafu akaacha kucheka. "Ila kitu kimoja nitakuambia. Shati likizikwa, mwenye shati analala. Hilo halina mchezo. Fikiria unataka alale au unataka arudi."

Nilitaka arudi. Nani angetaka kingine? Na si kurudi tu. Nilitaka nilimeze lile neno langu. Kumpa Dani shati la Idi ilikuwa sawa na kusema: ndiyo, nilimfukuza, na amri yangu ni hiyo hiyo, asirudi. Afadhali wangenizika mimi.

Ndipo Alhamisi ile, Mshauri akiwa uani na makaa, nilifungua kabati nimtafutie Dani shati lililovaliwa, ila si na Idi. Chini kabisa, chini ya rundo la nguo zetu sote, palikuwa na shati la buluu lenye mistari, kifungo cha mkono wa kushoto kimeshonwa kwa uzi mweupe. Kipimo cha Idi. Sikuwahi kumwona mzazi yeyote akilinyoosha. Nilidhani ni la mtu aliyeacha kuja, na mtoto wake labda alisharudi zamani. Mjinga mimi, sikujiuliza mbona lilikuwa limenyooka hivyo, halina hata mkunjo, na mbona lilikuwa baridi namna ile katika chumba chenye moto.

Jumamosi tukamzika. Kaburi lilichimbwa la kawaida, la urefu wa mtu. Dani alinipa lile tunda nilivike mwenyewe, kama mama. Wallahi, sikutegemea uzito ule. Lilikuwa zito kama mtoto wa miezi sita aliyelala, na jua lilikuwa limelipasha joto. Nilipofunga kifungo cha uzi mweupe nilikosa tundu mara mbili, na wanawake wakaanza kulia wakidhani ni uchungu wa mama. Mimi sikulia. Nilisema moyoni, huyu si Idi, huyu si Idi. Walipomaliza kufukia, upepo kutoka ziwani, uliokuwa ukipiga tangu asubuhi, ukakatika. Dani akasema, "Amelala." Watu wakanisifu kwa ujasiri.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwa Mshauri nikiwa nimejipanga. Saa kumi ikafika. Sote tulikuwa tunamngoja aseme ingia, vile mtu anavyongoja adhana. Hakusema. Saa kumi ikapita. Baba wa bodaboda akauliza kwa utani, "Mshauri, leo hakuna mgeni?"

"Leo hakuna," alisema. Akainuka, akafungua kabati, akainama, akatia mkono chini ya rundo. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono ndani, mgongo kwetu. Halafu akafunga kabati taratibu.

Mimi ndiye niliyekuwa na pasi. Roho ilikuwa mkononi.

"Mama Idi. Mazishi yalikwenda salama?"

"Salama."

"Lile tunda lilivikwa shati gani?"

"La Idi," nikasema. "La Idi mwenyewe."

Alinusa hewa. "Unaunguza," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba maji. Niliinua pasi. Kwenye kola ya Idi palikuwa na doa la pili kando ya lile la kwanza. Mshauri aliketi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ameketi akilipa ziwa mgongo.

Hakunisema mbele ya watu. Baada ya wiki tatu akatangaza kwamba Alhamisi zimekwisha, akamgawia kila mzazi nguo yake, akahama. Hakuna aliyejua amekwenda wapi. Wenzangu walisema amechoka. Mimi nilijua ni mimi niliyemvunja, ila sikujua nimevunja nini.

Na kwangu kukaanza. Siku ile ile nilipoleta shati la Idi nyumbani na kuliweka juu ya kitanda chake, saa kumi, nilikuwa nikipepeta mchele. Kwaru, kwaru, kwaru. Kizibo juu ya bati. Ungo ulinitoka mikononi. Mnajua nilifanya nini? Mimi niliyelia mwaka mzima nikimtaka, nilikimbilia chumba cha ndani nikafunga na komeo. Kukakwaruzwa tena, mara tatu, kisha kimya. Kesho yake saa kumi, vivyo hivyo. Nikaanza kufungua redio kwa sauti kubwa kuanzia saa tisa na nusu. Majirani wakalalamika. Nilimwendea shehe, akanipa dua za kusoma, nikasoma, na nikiwa nasoma mikwaruzo haikuongezeka wala haikupungua. Ilikuwa na adabu. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hata akifika hasukumi mlango, na bawaba zake Idi anazijua, zinafunguka kwa bega.

Niliishi hivyo miezi minane. Kisha Dani akaugua, nikaenda Asembo kumwangalia. Mchana, Dani alipolala, nikatoka kwenda kutazama lile kaburi. Palikuwa na mtu ameketi kando yake, juu ya kigoda, hana sweta. Mgongo wake ulitazama ziwa, karibu kabisa, unasikia maji. Alikuwa na sahani mapajani na anakula samaki. Ngege mzima, anatoa miiba kwa vidole, ananyonya kichwa, mafuta hadi kwenye vifundo vya mikono.

"Mama Idi," alisema, mdomo umejaa. "Kaa. Kuna ugali pia."

Sikukaa. "Lile shati," nikasema.

"La mwanangu." Akaweka mwiba pembeni ya sahani. "Nilikuwa nalinyoosha kila mwanzo wa mwezi, nikiwa peke yangu. Miaka kumi na minane. Alizama huku huku Asembo. Watu wetu walichuma yago, nikakimbia na shati mpaka Kaloleni. Nikasema hakuna atakayemlaza mtoto wangu."

"Nisamehe, Mshauri."

"Ngoja kwanza, nilikukasirikia sana. Nilitaka kuja kufukua. Nilifika hapa na jembe, muulize Dani. Nikapiga jembe moja, nikasikia usingizi. Usingizi tu, yawa! Nililala hapa chini mchana kweupe, na sijalala hivyo tangu ujana wangu. Nikaamka na njaa ya samaki." Akaupangusa mkono kwenye nyasi. Macho yake yalikuwa na machozi lakini hakuyajali. "Nilidhani namfanyia wema kumwambia ingia, ingia. Kumbe kila Alhamisi nilikuwa namwamsha. Mtoto alikuwa amechoka, Mama Idi."

"Lakini hapa wanasema ni Idi."

"Majina, hao watoto wataelewana wenyewe. Dani anajua. Nilimwambia. Amesema mtoto ni mtoto." Akanitazama, na ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni nikizungumza naye. "Sasa wako. Anakuja?"

Nilitaka kusema hapana. Nikajikuta nanusa hewa, nikiogopa harufu ya nguo inayoungua. "Anakuja. Anakwaruza mlango. Saa kumi."

"Na wewe?"

"Nafungua redio."

"Redio!" Alipiga makofi ya mshangao. "Mwanamke, ulimwambia nini siku ile? Mimi sikuwahi kukuuliza mara mbili."

Basi nikamwambia. Nililisema lile neno kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu nilitamke, pale kando ya kaburi la mtoto wake, na nikalia kama mtoto. Hakusema pole. Aliningoja nimalize, akanimegea ugali.

"Wangu alitaka kulala, nikamnyima," alisema. "Wako hajaomba kulala bado. Anasimama nje kwa sababu mama yake alimwambia asirudi. Ni mtoto mwenye heshima. Mfungulie, halafu ukitaka kumlaza mtamlaza, shati lake si unalo?"

Nilirudi Kisumu siku iliyofuata. Nilitoa shati jeupe, nikaazima pasi ya makaa kwa jirani, nikaanza kulinyoosha saa tisa na nusu, redio imezimwa. Madoa mawili ya kola hayatoki tena, nikayanyoosha hivyo hivyo. Saa kumi, kwaru, kwaru, kwaru. Nilikojoa kidogo, sioni haya kusema. Niliweka pasi kando, nikatoa komeo, nikafungua mlango wote hadi ukagonga ukuta. Uani hapakuwa na mtu, ila kuku wa jirani alikuwa amesimama mguu mmoja, ameduwaa, anatazama kizingiti changu.

"Nilisema vibaya, mwanangu," nikasema. "Ingia."

Kisha nikarudi kukaa kwenye kigoda, na chumba chetu ni kidogo, nikavuta miguu ili apite.